Betri ya Moyo: Usalama wa Kipimo cha MRI na wa Kuondoa Kifaa Huanzia Kwenye Kadi ya Mgonjwa

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Wananchi wa wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga wanaoishi na betri ya moyo wanaweza kufanyiwa vipimo vya picha, kikiwemo kipimo cha MRI, na wanaweza kubadilishiwa au kuondolewa kifaa hicho kwa usalama, ilimradi masharti mawili yametimizwa. La kwanza ni kwamba mtaalamu anayewahudumia ajue kwa uhakika ni kifaa gani kilichomo mwilini. La pili ni kwamba mgonjwa afike hospitali mapema pale dalili za hatari zinapojitokeza. Tafiti kubwa za kitabibu zilizochapishwa duniani tangu mwaka 2010 zinaelekeza huko, na masharti yote mawili yanaanza kutekelezwa katika ngazi ya kijiji, kabla mgonjwa hajafika hospitali kubwa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Tangu kuanzishwa kwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam mwaka 2015, matibabu ya moyo ambayo awali yaliwalazimu Watanzania wengi kusafiri hadi India na nchi nyingine yanapatikana nchini, ikiwa ni pamoja na upandikizaji wa betri za moyo. Taasisi hiyo pia imekuwa ikiwafuata wananchi mikoani kupitia huduma za tiba mkoba zijulikanazo kama Dkt. Samia Suluhu Hassan Outreach Services. Matokeo yake ni kwamba watu waliopandikizwa vifaa hivyo wanarudi kuishi vijijini na kwenye miji midogo, wakilima, wakifanya biashara na kulea familia. Hivyo, pamoja na swali la namna ya kumpandikizia mgonjwa betri, lipo sasa swali la namna ya kumtunza kwa miaka 10 au 20 inayofuata akiwa mbali na hospitali iliyompandikizia.

Kifaa na kazi yake

Betri ya moyo, ambayo wataalamu huiita pesimeka, ni kifaa kidogo cha chuma kinachowekwa chini ya ngozi, mara nyingi karibu na bega la kushoto. Ndani yake mna betri na saketi ya umeme. Waya mmoja au zaidi hupitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye vyumba vya moyo. Mapigo yanapokuwa ya polepole kupita kiasi au yanapokatika, kifaa hutuma umeme mdogo unaouamsha moyo upige. Kipo pia kifaa cha kushtua moyo, ambacho hufuatilia mapigo na kutoa mshtuko wa umeme pale moyo unapokwenda mbio kwa namna inayoweza kuua.

Historia ya vifaa hivi inaonyesha kwamba kubadilisha kifaa ni sehemu ya kawaida ya matibabu. Tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm nchini Sweden, Arne Larsson alikuwa mtu wa kwanza duniani kupandikizwa betri ya moyo mwilini. Kifaa cha kwanza kiliacha kufanya kazi baada ya saa chache. Larsson alibadilishiwa vifaa mara nyingi na kutumia jumla ya betri 26 katika maisha yake, akafariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, kwa ugonjwa usiohusiana na moyo wake. Betri za sasa hudumu kwa miaka mingi zaidi, kwa kawaida kati ya 7 na 12, lakini kila moja ina mwisho wake. Anayepandikizwa leo akiwa na umri wa miaka 40 anapaswa kujua kwamba atabadilishiwa kifaa zaidi ya mara moja.

Vipimo visivyo na tatizo

Hofu ya kwanza ya wagonjwa wengi ni kwamba kipimo chochote kinachotumia mashine kitaharibu betri. Hofu hiyo haina msingi kwa vipimo vingi vinavyotolewa katika hospitali za wilaya. Picha ya X-ray haiidhuru betri ya moyo. Kipimo cha ultrasaundi, kikiwemo cha mama mjamzito na kile cha kuangalia moyo, hakina madhara kwa kifaa. Kipimo cha CT-Scan nacho hufanywa kwa watu wenye betri bila matatizo katika hali karibu zote. Ni mara chache sana kifaa huathirika kwa muda mfupi mionzi inapopita moja kwa moja juu yake, na athari hiyo huisha kipimo kinapokamilika.

Kwa wakazi wa Tanga jambo hili lina maana kubwa. Kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliozinduliwa Oktoba 2021 kwa fedha za mkopo nafuu wa Shilingi trilioni 1.3, Serikali ilinunua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Mgonjwa mwenye betri ya moyo aliyepata ajali ya pikipiki katika barabara kuu ya Segera, au aliyepooza ghafla upande mmoja, hapaswi kunyimwa CT-Scan wala kucheleweshwa kwa sababu ana kifaa kifuani. Katika hali nyingi za dharura, kipimo hicho kinatosha kumpa daktari majibu anayoyahitaji.

Kwa nini MRI ni suala tofauti

Kipimo cha MRI hakitumii mionzi. Kinatumia sumaku yenye nguvu kubwa pamoja na mawimbi ya redio. Mashine nyingi za hospitali zina sumaku ya tesla 1.5, nguvu ambayo ni takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoielekeza sindano ya dira. Kipimo hicho huhitajika hasa kwa magonjwa ya ubongo, uti wa mgongo na maungio, na kwa uchunguzi wa baadhi ya saratani.

Hatari zilizowafanya madaktari kwa miaka mingi kukataa kuwaingiza wenye betri katika mashine hiyo ni tatu. Sumaku inaweza kukivuta kifaa au kukisogeza. Mawimbi ya redio yanaweza kupasha joto ncha ya waya iliyogusana na nyama ya moyo. Tatu, mpangilio wa betri unaweza kuvurugika, ikaacha kutoa umeme pale unapohitajika au ikatoa umeme usiohitajika. Katika miaka ya mwanzo ya teknolojia hiyo viliripotiwa vifo vya wagonjwa walioingizwa bila maandalizi wala kufuatiliwa mapigo yao. Ndipo likawekwa katazo la jumla.

Hali ilianza kubadilika watengenezaji walipounda betri na nyaya zinazoweza kustahimili MRI kwa masharti maalumu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza cha aina hiyo Februari 2011. Neno "masharti" lina uzito hapa. Kifaa huhesabiwa kuwa kinafaa kwa MRI pale tu betri na nyaya zake zote ni za aina iliyoidhinishwa kutumika pamoja. Betri mpya iliyounganishwa na waya wa zamani haipati sifa hiyo, na waya uliokatwa na kuachwa mwilini bila kazi huongeza tahadhari. Aidha, ni desturi kusubiri takriban wiki sita baada ya upandikizaji kabla ya kipimo, ili nyaya zishike vizuri, isipokuwa pale ambapo dharura inalazimisha.

Matokeo ya tafiti

Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine zilibadili mtazamo wa wataalamu hata kwa wagonjwa wenye vifaa vya zamani ambavyo havikuundwa kwa ajili ya MRI.

Utafiti wa kwanza, uitwao MagnaSafe, ulihusisha vipimo 1,000 vya watu wenye betri ya moyo na vipimo 500 vya wenye vifaa vya kushtua moyo, vyote katika maeneo ya mwili yasiyo ya kifua na kwa mashine za tesla 1.5. Hakuna aliyefariki wakati wa kipimo na hakuna waya ulioharibika. Katika matukio sita mapigo yalipoteza mpangilio kwa muda na kurejea yenyewe, na katika matukio mengine sita baadhi ya mipangilio ya kifaa ilirudi katika hali ya awali. Kifaa kimoja tu kililazimika kubadilishwa mara moja, na kilikuwa kifaa ambacho hakikupangwa kwa kufuata utaratibu kabla ya mgonjwa kuingizwa kwenye mashine.

Utafiti wa pili, ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, ulifuatilia wagonjwa 1,509 waliofanyiwa vipimo 2,103, vikiwemo vya kifua. Katika vipimo tisa kifaa kilirudi katika mpangilio wa akiba, na katika vinane kati ya hivyo hali hiyo ilikuwa ya muda. Kifaa kimoja kilichobaki, ambacho betri yake ilikuwa imebakiza chini ya mwezi mmoja kuisha, kilihitaji kubadilishwa.

Takwimu hizo zisisomwe kana kwamba zinasema MRI ni salama kwa kila mwenye betri mahali popote. Zinaeleza kilichotokea pale ambapo kila mgonjwa alipitia hatua zilizowekwa. Kabla ya kipimo, betri husomwa kwa mashine yake maalumu ili kujua umeme uliobaki, hali ya nyaya na kiasi ambacho moyo unakitegemea kifaa. Kisha hubadilishwa mpangilio ili sumaku isiidanganye. Wakati wa kipimo, mapigo na kiwango cha oksijeni hufuatiliwa muda wote, huku mtaalamu na mashine ya kushtua moyo vikiwa karibu. Baada ya kipimo, kifaa husomwa tena na kurudishwa katika mpangilio wake. Kifaa pekee kilichoharibika katika utafiti wa MagnaSafe kilikosa hatua ya maandalizi, na hilo linatoa somo kwa kila hospitali yenye mashine ya MRI.

Kubadilisha betri na kuondoa nyaya

Wananchi wengi husikia neno "kutoa betri" na kudhani ni tendo la aina moja. Kwa hakika yapo matendo mawili yenye uzito tofauti kabisa.

La kwanza ni kubadilisha betri iliyokaribia kuisha. Daktari humpa mgonjwa ganzi, hufungua ngozi mahali palepale, hutoa betri ya zamani na kuunganisha mpya kwenye nyaya zilizopo. Moyo wenyewe hauguswi. Hatari kubwa ya tendo hilo ni maambukizi, ambayo hutokea kwa wachache, lakini yakitokea huleta madhara makubwa.

La pili ni kuondoa nyaya zilizomo ndani ya mshipa na moyo. Waya uliokaa mwilini kwa zaidi ya mwaka hufunikwa na kovu linaloushikiza kwenye ukuta wa mshipa. Kuuvuta kwa nguvu kunaweza kupasua mshipa au moyo. Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia mirija maalumu inayopitishwa juu ya waya na kukata kovu taratibu, mingine kwa miale ya leza na mingine kwa ncha inayozunguka. Tendo hilo hufanyika mahali penye daktari bingwa wa upasuaji wa moyo aliye tayari kufungua kifua mara moja endapo itatokea damu kuvuja.

Sababu za kufikia hatua hiyo ni maambukizi, waya uliokatika au kuharibika, na mshipa ulioziba. Wakati mwingine sababu hutoka kiwandani. Oktoba 2007 kampuni ya Medtronic ilisitisha uuzaji wa nyaya za vifaa vya kushtua moyo aina ya Sprint Fidelis baada ya kubainika kwamba zilikuwa zikikatika kupita kiwango cha kawaida, wakati takriban 268,000 zilikuwa zimekwishapandikizwa duniani. Wagonjwa hawakushauriwa wote kuondolewa. Wengi walifuatiliwa kwa karibu, kwa kuwa hatari ya kuondoa waya uliokuwa ukifanya kazi ilizidi ile ya kuuacha. Lakini ili mgonjwa afuatiliwe, ilibidi kwanza ijulikane kwamba ana waya wa aina hiyo.

Matokeo ya uondoaji

Utafiti uitwao LExICon, uliochapishwa mwaka 2010, ulipitia wagonjwa 1,449 walioondolewa nyaya 2,405 kwa kutumia leza. Tendo lilifanikiwa kwa asilimia 97.7 ya wagonjwa, na asilimia 1.4 walipata madhara makubwa wakati wa tendo. Barani Ulaya, utafiti wa ELECTRa uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wagonjwa 3,510 katika vituo 73 vya nchi 19. Mafanikio yalikuwa asilimia 96.7. Madhara makubwa yaliyotokana na tendo hilo yalikuwa asilimia 1.7, vikiwemo vifo asilimia 0.5. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba vituo vyenye kuhudumia wagonjwa wengi vilikuwa na vifo na madhara machache kuliko vituo vyenye wagonjwa wachache.

Matokeo hayo yanaeleza kwa nini huduma ya kuondoa nyaya haiwezi kusambazwa kila mkoa. Uzoefu wa timu ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, na hupatikana pale wagonjwa wanapokusanywa katika vituo vichache. Kwa mkazi wa Korogwe, kusafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya tendo hilo ni sehemu ya matibabu salama. Mkoa na wilaya zina wajibu wa kuhakikisha kwamba safari hiyo inaanza kwa wakati.

Kuchelewa kunaua

Maambukizi kwenye mfuko wa betri huanza kwa dalili ndogo: ngozi kuwa nyekundu, kuvimba, kupata joto, kuuma au kutoa majimaji. Wakati mwingine ngozi huwa nyembamba hadi chuma kuonekana. Mgonjwa anaweza pia kuwa na homa za kurudiarudia bila jeraha lolote, jambo ambalo katika maeneo yenye malaria kama Handeni na Korogwe hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni malaria. Mgonjwa mwenye betri anayepata homa isiyoisha, hasa kipimo cha malaria kinapoonyesha hana vimelea, anahitaji kupimwa damu kwa ajili ya bakteria kabla ya kuanza dawa za antibayotiki.

Mwongozo wa kitabibu unakubaliana kwamba maambukizi ya kifaa hayaponi kwa dawa pekee. Bakteria hujishikiza kwenye chuma na nyaya mahali ambapo dawa haziwafikii vya kutosha. Dawa hupunguza dalili kwa wiki chache, kisha ugonjwa hurudi ukiwa umefika kwenye damu na valvu za moyo. Tiba kamili ni kuondoa betri na nyaya zote, kutoa dawa, na kupandikiza kifaa kipya mahali pengine iwapo bado kinahitajika.

Hata katika nchi tajiri, ushauri huo haufuatwi ipasavyo. Uchambuzi wa takwimu za bima ya afya ya wazee nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2023 ukihusisha zaidi ya watu milioni moja waliopandikizwa vifaa, ulibaini kwamba chini ya mmoja kati ya watano waliopata maambukizi waliondolewa kifaa ndani ya siku 30. Walioondolewa ndani ya siku sita za mwanzo walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufariki. Kwa maneno mengine, hatari ya kuogopa tendo ni kubwa kuliko ya tendo lenyewe. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua.

Handeni inajulikana nchini kwa waganga wake wa tiba asili, ambao shughuli zao zinatambuliwa na kusimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Wengi wao ni watu wa kwanza kuombwa ushauri katika jamii. Mchango wao katika suala hili unaweza kuwa mkubwa: kutomchanja chale wala kumbandika dawa mgonjwa juu ya mahali penye betri, kutokanda uvimbe wa sehemu hiyo, na kumwelekeza mhusika kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wajibu katika kila ngazi ya rufaa

Mnyororo wa huduma kwa wakazi wa wilaya hizi huanzia zahanati na vituo vya afya, hupanda hadi hospitali za halmashauri, ikiwemo Magunga mjini Korogwe, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga, na hatimaye hospitali za ngazi ya juu. Barabara ya lami ya Korogwe hadi Handeni yenye urefu wa kilomita 65, na ile ya Handeni hadi Mkata yenye kilomita 54, zimerahisisha safari ambayo zamani ilikwama kila msimu wa masika. Hata hivyo, barabara nzuri humfikisha mgonjwa haraka, lakini haimwambii daktari ni kifaa gani amebeba.

Chukua mfano wa mkulima wa Kwamsisi aliyepandikizwa betri miaka tisa iliyopita, ambaye sasa ana maumivu makali ya mgongo na ganzi miguuni. Akifika na kadi yake, daktari wa wilaya ataandika katika barua ya rufaa jina la mtengenezaji, namba ya betri, namba ya kila waya na tarehe ya upandikizaji. Hospitali itakayompokea itajua kabla hajafika kama anafaa kwa MRI, na itaandaa mashine ya kuisoma betri yake, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mashine yake. Akifika bila kadi, uchunguzi unaanza upya, na pengine anarudishwa nyumbani kusubiri huku uti wa mgongo ukiendelea kubanwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni hivyo hivyo.

Iwapo kadi imepotea, hospitali ya wilaya bado ina njia. Picha ya kawaida ya X-ray ya kifua huonyesha umbo la betri, idadi ya nyaya, waya uliokatika au ulioachwa, na mara nyingi alama ya mtengenezaji iliyochongwa ndani ya kifaa ili ionekane kwenye picha. Picha hiyo ikiambatanishwa na barua ya rufaa, hospitali iliyompandikizia mgonjwa inaweza kutafuta kumbukumbu zake. Ni kipimo cha gharama ndogo kinachoweza kuokoa siku nyingi.

Madhara yanayotokana na kifaa chenyewe yanapaswa pia kuripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), yenye jukumu la kusimamia ubora na usalama wa vifaa tiba nchini. Taarifa moja kutoka Korogwe inaweza kuonekana ndogo, lakini zikikusanywa na nyingine ndizo zinazoibua kasoro ya kiwandani mapema.

Gharama na maandalizi

Gharama ni kikwazo ambacho hakiwezi kupuuzwa. Kifaa, tendo, safari na siku za kukaa mbali na shamba ni mzigo kwa familia nyingi. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye lengo la kumwezesha kila mkazi kupata huduma bila kikwazo cha fedha. Mafanikio ya sheria hiyo kwa wagonjwa wa moyo yatapimwa kwa jambo mahususi: iwapo mtu aliyepandikizwa betri atamudu pia kuifanyia uchunguzi wa kila mara na kuibadilisha muda wake ukifika. Kwa kuwa ukomo wa betri huonekana miezi kadhaa kabla katika uchunguzi wa kawaida, familia ina muda wa kujiandaa, kuthibitisha stahili zake za bima, au kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo. Anayekosa kliniki hupoteza muda huo.

Baada ya kifo

Lipo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini katika familia: je, betri humzuia mtu kukata roho, na ni lazima itolewe kabla ya mazishi? Betri ya moyo haizuii kifo. Mwili unapofikia mwisho, misuli ya moyo huacha kuitikia umeme wake. Kwa familia za Kiislamu na Kikristo zinazozika ardhini, hakuna ulazima wa kitabibu wa kuiondoa. Kwa familia za Kihindu zinazochoma maiti, kifaa lazima kiondolewe kabla, kwa sababu betri yake hulipuka kwenye moto na inaweza kuwajeruhi watu. Kifaa cha kushtua moyo kinahitaji kuzimwa na mtaalamu kabla hakijaguswa, ili kisitoe mshtuko. Familia inatakiwa kuutaarifu uongozi wa hospitali au chumba cha kuhifadhia maiti mapema.

Wito kwa wananchi

Wananchi waliopandikizwa betri ya moyo wanakumbushwa kutembea na kadi ya kifaa wakati wote, kuacha nakala kwa ndugu na katika kituo cha afya kilicho karibu, kuhudhuria kliniki kwa tarehe walizopangiwa, na kumtaarifu mtoa huduma kuhusu kifaa hicho kabla ya kipimo chochote au upasuaji. Atakayeona wekundu, uvimbe au majimaji mahali penye betri, au atakayezimia, kupata kizunguzungu au homa isiyoisha, afike kituo cha kutolea huduma siku hiyohiyo na asinunue dawa dukani. Ushauri wa afya unapatikana pia bila malipo kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya.